Sumu Mbili Katika Bomba Moja

Mkulima wa nyanya hachanganyi dawa kwa ujinga. Anachanganya kwa hesabu. Bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linakata mabega, maji yanachotwa mbali, na kibarua halipwi kwa maneno. Kwa nini apite kwenye matuta mara tatu, leo kwa ajili ya kantangaze, kesho ukungu, keshokutwa busta, wakati vyote vinaweza kuingia kwa mkupuo mmoja? Anafungua mfuniko, anamimina kizibo kimoja na nusu cha dawa ya wadudu, anatia vijiko vya unga wa manjano wa mankozebu, anamalizia na busta, kisha anakoroga kwa kijiti alichookota palepale. Povu likitulia, dawa iko tayari.

Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake, wengine wao wakitoka taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya TPRI mjini Arusha, walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Kiasi cha theluthi moja walikuwa wakipiga dawa zilizochanganywa, na wengi wa hao hawakuvuka dawa tatu kwa bomba. Maelekezo ya mchanganyiko huo hayakuwepo: si kwenye lebo, si kutoka kwa bwana shamba.

Shamba lina wengine wasiohojiwa. Bomba husuuzwa kwenye mfereji, na ng'ombe wa jirani hunywa mfereji huohuo. Nyanya alizokataa dalali huwa lishe ya mbuzi. Nyuki hawahitaji kukaribishwa. Ukienda duka la pembejeo ukauliza mchanganyiko ule unawafanya nini wanyama hawa, muuzaji atakusomea lebo ya chupa moja, halafu lebo ya chupa ya pili. Usimlaumu. Dawa hupimwa na kusajiliwa moja moja, na kwa michanganyiko mingi hakuna mtu aliyewahi kuifanyia kipimo. Sura hii inahusu kwa nini kazi hiyo imekuwa ngumu kiasi hicho, na kwa nini ugumu wenyewe, nionavyo mimi, umetiwa chumvi mahali pamoja na kupuuzwa mahali pengine.

Tuanze na mbwa. Mwaka 1957 J. P. Frawley na wenzake wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walitoa taarifa iliyowashtua wataalamu wa sumu. Waliwapa panya na mbwa viuatilifu viwili vya kundi la organofosfeti, malathioni na EPN, kwa wakati mmoja. Organofosfeti zote huua kwa njia moja: hukizuia kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini kwenye maungio ya mishipa ya fahamu, mnyama akatokwa na mate, akatetemeka, misuli ya kupumua ikakwama. Kwa kuwa njia ni moja, ilitarajiwa kwamba nusu dozi ya hii na nusu dozi ya ile zingetoa dozi moja kamili. Haikuwa hivyo. Kwa panya nguvu ya sumu iliongezeka kama mara 10, na kwa mbwa ikafika mara 50.

Siri ilikuwa kwenye ini. Malathioni ikiingia mwilini hupita njia mbili. Ya kwanza huigeuza kuwa malaoksoni, ambayo ndiyo sumu yenyewe hasa. Ya pili huivunja ikawa asidi zisizo na madhara zinazotoka na mkojo, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya viitwavyo kaboksilesterasi. Mamalia wana vimeng'enya hivi kwa wingi, wadudu wengi wana vichache. Ndiyo maana malathioni inaua mbu na kumwacha mpulizaji. EPN ilikuwa inavikamata vimeng'enya hivyo. Ni kama mwizi mmoja aliyemshika mlinzi wa geti mikono ili mwenzake apite: ukiwapima mmoja mmoja, huyu wa pili utamwona hana nguvu ya kuvunja hata kufuli.

Yote yaliyofuata katika elimu hii yamo ndani ya jaribio lile. Marekani ikawataka watengenezaji wapime organofosfeti mpya pamoja na zile zilizokwisha kusajiliwa. Kazi ikawa kubwa, jozi zenye tabia ya malathioni na EPN zikaonekana chache, na baadaye sharti lile likaachwa. Unaweza kuwalaumu, lakini kwanza kaa na kalamu.

Chukua dawa mbili tu. Unataka kujua zinavyoshirikiana katika viwango mbalimbali, kwa hiyo unaweka viwango vitano vya kila moja, sifuri ikiwa mojawapo. Hayo ni makundi 25 ya panya. Kila kundi likiwa na panya 10, umeshatumia 250. Ongeza dawa ya tatu: makundi 125, panya 1,250. Ukifika dawa kumi, makundi ni 9,765,625, na dunia haina maabara ya namna hiyo. Hata ukiacha viwango na kuuliza tu ni michanganyiko mingapi inaweza kupatikana, duka dogo lenye dawa 20 kwenye rafu linatoa jozi 190, na ukihesabu michanganyiko ya ukubwa wowote inazidi milioni moja. Hapo hatujagusa mpangilio wa siku, umri wa mnyama, wala jinsia yake.

Watafiti hupunguza mzigo huu kwa kuchagua uwiano mmoja, kwa mfano ule unaoonekana kwenye maji ya mto fulani, na kuupandisha na kuushusha kwa pamoja. Inasaidia. Lakini jibu linalopatikana ni la uwiano ule tu.

Kuna tatizo jingine ambalo halitokani na wingi, nalo huwachanganya hata wasomaji wa magazeti ya kisayansi. Ili useme mchanganyiko umezidi matarajio, lazima kwanza useme ulitarajia nini. Tangu miaka ya 1920 na 1930 zipo hesabu mbili, na hazikubaliani. Mjerumani Siegfried Loewe alisema: jumlisha dozi. Robo tatu ya dozi inayoua ya dawa moja na robo ya nyingine ni dozi moja inayoua. Charles Bliss, katika makala yake ya mwaka 1939 kuhusu sumu zinazotolewa pamoja, aliweka hesabu ya pili kwa sumu zisizohusiana: jumlisha uwezekano. Dawa moja ikiua wanyama 20 kati ya 100, nyingine ikiua 30, basi waliosalimika kwa ya kwanza ni 80, na katika hao ya pili itaua 24, jumla 44.

Sasa fanya mchezo mdogo. Chukua chupa moja ya dawa, uimimine kwenye vikombe viwili, ujifanye ni dawa mbili. Tuseme kikombe kimoja kinaua wanyama 5 kati ya 100, na vyote viwili kwa pamoja vinaua 50, jambo la kawaida kwa sumu ambayo madhara yake hupanda ghafla. Hesabu ya Bliss ilitarajia vifo visivyofika 10. Umepata 50. Kwa hesabu hiyo dawa imejiongezea nguvu yenyewe! Ndivyo taarifa za kutisha zinavyoweza kuzaliwa bila mtu kudanganya. Kinyume chake kipo pia, na ni kibaya zaidi: kwa Bliss, dawa kumi ambazo kila moja peke yake haimdhuru mnyama yeyote zitabaki bila madhara hata zikichanganywa. Kwa Loewe, moja ya kumi mara kumi ni dozi moja kamili.

Panya wa Denmark walionyesha ni hesabu ipi ya kuogopa. Mwaka 2010 watafiti wa huko walichapisha jaribio la viuatilifu vitano vinavyovuruga homoni, mankozebu ikiwemo, walivyopewa panya wenye mimba. Kila dawa iliwekwa katika kiwango ambacho peke yake haikuwa imeleta matatizo ya uzazi. Zilipokuwa pamoja, mimba zilirefuka kupita siku zake na watoto wengi wakafa wakati wa kuzaliwa. Hapakuwa na haja ya kutafuta muujiza wowote wa dawa kuongezeana nguvu. Kila moja ilikuwa na madhara madogo yaliyofichwa na uchache wa wanyama kwenye kundi, na madhara hayo yakajumlishwa.

Halafu ni mnyama yupi? Panya ndiye mfalme wa maabara kwa sababu ni mdogo na anazaa haraka, lakini mlinzi wa panya si mlinzi wa kila mnyama. Kwenye utegili wa damu ya panya kaboksilesterasi zimejaa. Kwenye utegili wa binadamu karibu hazipo kabisa, zetu tunazitegemea kwenye ini. Panya wachanga nao wanazo chache kuliko wazazi wao. Paka hana uwezo mzuri wa kuiondoa permethrini, na dawa ya viroboto ambayo mbwa anaivumilia inaweza kumuua. Kwa kupooza kwa miguu kunakokuja wiki kadhaa baada ya baadhi ya organofosfeti, panya hafai. Anayetumika ni kuku. Ndiyo maana Mohamed Abou-Donia wa Chuo Kikuu cha Duke, alipotaka kuchunguza malalamiko ya wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Ghuba vya 1991, alitumia kuku. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza kwamba kuku waliopewa pamoja vidonge vya pairidostigmini, ambavyo wanajeshi walimeza kujikinga na gesi ya sumu, DEET ya kufukuza mbu na permethrini ya kwenye sare, waliathirika kuliko waliopewa kimojawapo. Dozi zake zilikuwa kubwa, na wakosoaji walilisema hilo. Lakini angalia kilichomo kwenye orodha: kimoja ni dawa ya hospitali. Mchanganyiko hauheshimu mipaka ya ofisi zinazosajili.

Ng'ombe wetu wa mferejini ni mfano uleule. Wiki iliyopita amepita joshoni kwa ajili ya kupe. Juzi amenyweshwa levamisoli ya minyoo, ambayo huamsha mishipa ya fahamu kwa namna inayokaribiana na organofosfeti, na madaktari wa mifugo huonywa wasizikutanishe. Leo amekunywa masuuzo ya bomba. Hakuna aliyechanganya chochote; mchanganyiko umefanyikia ndani ya ng'ombe. Na mpangilio una uzito wake. Mwaka 2017 Roman Ashauer na wenzake walionyesha kwa viumbe wadogo wa majini kwamba sumu zilezile mbili, kwa dozi zilezile, zinaweza kuua idadi tofauti kutegemea ipi imetangulia. Kipimo cha kawaida cha maabara huanza na mnyama ambaye jana yake ilikuwa safi.

Chupa moja yenyewe inaweza kuwa mchanganyiko. Mwaka 1976 Pakistan ilikuwa ikipulizia malathioni majumbani kupambana na malaria, ikiwa na wafanyakazi wapatao 7,500. Mwezi wa Julai takriban 2,800 kati yao waliugua, na angalau watano walifariki. Dawa ilikuwa ileile iliyosifiwa kwa usalama. Uchunguzi ulikuta ndani ya baadhi ya unga ule isomalathioni, uchafu unaojitengeneza malathioni inapowekwa vibaya, hasa kwenye joto. Na kazi ya isomalathioni mwilini ni ileile ya EPN: kuzikamata kaboksilesterasi. Miaka 19 baada ya Frawley, jozi yake ilikuwa imejitengeneza yenyewe ndani ya gunia. Panya wa usajili alikuwa amepewa malathioni safi.

Nje ya maabara mambo hubadilika tena, na mara nyingine kwa namna ambayo hakuna hesabu ingeitabiri. Rick Relyea, akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alijaza matangi kwa maji, majani, viumbe vidogo na viluwiluwi wa vyura wa aina mbili, kisha akatia viuatilifu kumi katika viwango vya chini, vya sehemu 2 hadi 16 kwa bilioni. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalikuwa haya: mchanganyiko wa dawa zote kumi uliua asilimia 99 ya viluwiluwi wa chura wa madoa. Wale wa aina ya pili, chura wa mitini, hawakufutika. Walikua wakawa karibu mara mbili ya kawaida, kwa kuwa washindani wao wa chakula walikuwa wamekufa. Angewapima chura wa mitini peke yao kwenye beseni asingeliona hilo. Na sehemu kubwa ya maafa yale ilielekea kuwa kazi ya dawa moja tu, endosulfani. Mchanganyiko wa kumi ulikuwa na muuaji mkuu mmoja.

Kwa samoni wadogo wa pwani ya magharibi ya Marekani hali ilikuwa tofauti. Cathy Laetz na wenzake wa Seattle waliwaweka samaki hao kwa saa 96 kwenye maji yenye dawa tano za jamii za organofosfeti na kabameti, mbili mbili, wakapima kimeng'enya cha asetilikolini kwenye ubongo. Jozi kadhaa zilizidi hesabu ya kujumlisha. Diazinoni na malathioni pamoja ziliua samaki kwa viwango ambavyo kila moja peke yake haikuua. Malathioni tena.

Nyuki ndio waliotoa tarakimu kubwa kuliko zote. Kipimo chenyewe ni cha subira: nyuki analazwa kwa hewa ya ukaa, tone dogo mno linawekwa mgongoni, anarudishwa kwenye kizimba chenye maji ya sukari, na kesho yake wafu wanahesabiwa. Mwaka 2004 Iwasa na wenzake walionyesha kwa njia hiyo kwamba kiuakuvu cha propikonazoli kiliiongezea thiaklopridi, dawa ya wadudu, nguvu mara 559 kwa nyuki, na kingine, triflumizoli, mara 1,141. Viuakuvu hivi huzuia vimeng'enya vya P450 ambavyo nyuki huvitumia kuivunja thiaklopridi. Imidaklopridi, ndugu yake wa karibu, haikuongezeka hata mara mbili. Dozi ya kiuakuvu kwenye tone la maabara si ile ya shambani, kwa hiyo usiichukue 1,141 ukaitundika ukutani. Chukua jambo lenyewe: dawa inayouzwa kwa ajili ya ukungu, ambayo mkulima haihesabu kuwa sumu kwa mdudu, ndiyo iliyomshika mlinzi mikono. Na mizinga haina uhaba wa vitu. Mullin na wenzake, mwaka 2010, walikuta viuatilifu na mabaki yake 121 katika sampuli 887 za nta, chavua, nyuki na vitu vingine vya mizinga ya Amerika Kaskazini.

Sasa tarakimu inayotuliza. Nina Cedergreen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alikusanya majaribio yaliyokwisha kuchapishwa, na mwaka 2014 akaripoti kwamba katika jozi 194 za viuatilifu, zilizoongezeana nguvu kupita mara mbili ya matarajio zilikuwa asilimia 7 tu. Na asilimia 95 ya hizo zilikuwa na mojawapo ya makundi mawili: vizuia kolinesterasi, yaani organofosfeti na kabameti, au viuakuvu vya jamii ya azoli. Kwa maneno mengine, milioni moja ya michanganyiko ya duka letu dogo inapungua kwa kasi. Mingi ni ya kujumlisha tu, na kwa hiyo inaweza kukadiriwa bila kuua panya hata mmoja. Inayobaki ina alama ya kuitambulisha: ndani yake yumo anayezima vimeng'enya.

Mamlaka zimeanza kujumlisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iliwataka wasajili wakadirie kwa pamoja dawa zinazoua kwa njia moja, na mamlaka ya chakula ya Ulaya ilitoa tathmini zake za kwanza za namna hiyo mwaka 2020. Ni hatua nzuri, ila zinatazama sahani ya mlaji. Bomba halimo.

Na bomba ndilo lenye jozi ya kutafutwa. Profenofosi, organofosfeti iliyoenea kwenye mboga na pamba, ni mzuiaji hodari wa esterasi. Inauzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa na pairethroidi kama saipermethrini, kwa makusudi, kwa sababu inamnyang'anya mdudu vimeng'enya vya kuivunja pairethroidi. Ng'ombe naye huivunja pairethroidi kwa vimeng'enya vya jamii hiyohiyo. Hapa hatuhitaji kupima makundi milioni tisa. Tunahitaji kujua ni jozi zipi zinazotumika, wapi, na kwa kipimo gani, halafu tupime hizo chache kwa mbuzi, kwa nyuki na kwa perege.

Jimbo la California limekuwa likidai taarifa ya kila upuliziaji wa kibiashara wa kilimo tangu 1990: dawa gani, kiasi gani, shamba lipi, siku ipi. Mtafiti wa huko akitaka kujua ni michanganyiko gani inayoangukia bonde fulani, anafungua kumbukumbu. Wa kwetu anapaswa kwenda kuuliza shamba kwa shamba, kama walivyofanya akina Ngowi, na jibu linategemea kama chupa bado ipo. Daftari la pembejeo la kijiji lenye safu moja ya ziada, ya vilivyoingia bomba moja, lingewafaa wanasayansi kuliko maabara mpya. Namtaka bwana shamba aianze safu hiyo bila kungoja waraka.

Na wewe mwenye mifugo karibu na bustani, tunza lebo za kila kilichopigwa, chako na cha jirani, pamoja na za josho na za dawa ya minyoo. Ng'ombe akianza kutokwa na mate na kutetemeka, mkabidhi daktari wa mifugo zote kabla hajafungua mkoba. Atropini humwokoa aliyelewa organofosfeti. Haiondoi sumu ya pairethroidi.